Tagi za Redio kwa Mali za Biashara: Daftari Kwanza, Mashine Baadaye

Swali ni lile lile, hata anayeuliza akibadilika. Leo ni mwenye kampuni ya kukodisha mahema, kesho mkandarasi, keshokutwa mhasibu wa hospitali au mkuu wa shule ya bweni: "Vifaa vyangu vinatoka na havirudi, na kuhesabu mali mwisho wa mwaka kunakula wiki nzima. Nimeambiwa zipo stika zinazosomwa kwa redio hata zikiwa ndani ya boksi. Ninunue zipi, na nianzie wapi?"

Nawajibu wote hapa, tena kwa urefu, kwa sababu jibu fupi ndilo linalowatia watu hasara. Jibu fupi ni jina la mashine na bei yake. Mtu analipa, anabandika tagi kwa siku mbili, na baada ya miezi michache kisomaji kimelala kabatini na kalamu imerudi kwenye daftari la zamani. Teknolojia yenyewe ni imara. Wanaokwama hukwama kwa kuanza kazi kutoka mwisho wake.

Mfano nitakaoutumia ni wa kampuni inayokodisha vifaa vya ujenzi na vya sherehe Dar es Salaam. Nimeuchagua kwa sababu una kila aina ya ugumu: chuma, kitambaa, vumbi la saruji, mvua, na mizigo inayotoka alfajiri kwa lori na kurudi usiku wa manane watu wamechoka. Ukiweza kupanga stoo ya namna hiyo, ofisi yenye meza na kompyuta haitakushinda.

## Tagi inafanya nini, na nini haifanyi

Tagi ni chipu ndogo iliyounganishwa na antena nyembamba. Aina inayotumika zaidi kwenye mali haina betri. Inalala kimya mpaka kisomaji kiirushie mawimbi ya redio, ndipo inaamka kwa nguvu ya mawimbi hayo hayo na kurudisha namba yake. Kwa kawaida inarudisha namba tu. Jina la kitu, bei yake na aliyekichukua viko kwenye kompyuta yako.

Hapo linafuata swali la pili: "Kwa hiyo jenereta ikipelekwa Mbagala nitaiona kwenye ramani?" Hutaiona. Tagi isiyo na betri husomwa kwa umbali wa mita chache, na ni pale tu penye kisomaji. Ukitaka ramani, unahitaji kifaa chenye betri, kinachopokea satelaiti na chenye laini ya simu, kama zile lakiri za kielektroniki zinazofungwa kwenye malori ya transiti kutoka Mombasa kwenda Uganda na Rwanda. Hicho ni kifaa cha kuchajiwa na cha bei nyingine kabisa. Kinafaa kwenye lori au jenereta kubwa. Kwenye drili hakina maana.

Tagi pia haimzuii mtu kutoka na kitu. Inaandika kwamba kitu kimepita. Kumzuia anayepita ni kazi ya mlinzi wako na utaratibu wako, na nitaurudia utaratibu huo huko chini kwa sababu ndio unaosahaulika.

Kazi ambazo tagi inazimudu vizuri ni hizi:

- Kuhesabu vitu vingi kwa muda mfupi, hata vilivyorundikwa au vilivyoshika vumbi.
- Kuandika kilichotoka na kilichorudi bila mtu kuandika namba moja moja.
- Kutofautisha vitu vinavyofanana. Grenda kumi za aina moja ni grenda kumi tofauti, na sasa utajua ni ipi inayoharibika kila mwezi.
- Kukumbusha ukaguzi na matengenezo ya kila kifaa.

## Pengine huihitaji

Nalisema hili kabla hujatoa pesa. Kama mali zako ni mia moja au mia mbili na zinakaa pale pale mwaka mzima, stika za bakodi au QR zinazosomwa na simu zinatosha. Utatembea chumba kwa chumba kwa siku moja na kazi imekwisha.

Tagi za redio hulipa pale ambapo vitu vinatembea kila siku, vinatoka kwa mafungu, au viko mahali ambapo mtu hawezi kuvifikia kimoja kimoja. Hata hapo, usitagi kila kitu. Kampuni yenye viti vya plastiki elfu mbili haina sababu ya kubandika tagi kwenye kila kiti. Viti vihesabiwe kwa mafungu kama siku zote. Tagi ziende kwenye mahema, spika, mikseta za muziki, taa, jenereta, vibreta za zege, kompakta, mashine za kuchomelea, na seti za nyaya ndefu za umeme. Hivi ndivyo vitu ambavyo kimoja kikipotea, faida ya shughuli nzima inapotea nacho.

## Hatua ya kwanza: daftari

Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, pita stoo yako yote na uandike upya daftari la mali, hata kama una la zamani. La zamani lina vitu vilivyokufa, vilivyouzwa, na vingine vilivyoandikwa mara mbili kwa majina mawili. Ukibandika tagi juu ya daftari bovu, utapata makosa yale yale kwa kasi zaidi.

Kila kitu kipewe mstari wake wenye mambo haya:

- namba ya mali
- jina moja linalokubalika (kama ni "grenda", isiwe "grinder" mstari mwingine na "mashine ya kukatia" wa tatu)
- namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye kifaa
- mahali kinapolala
- mtu anayewajibika nacho
- hali yake: kizima, kibovu, kimekodishwa, kiko kwa fundi
- picha moja

Kuhusu namba ya mali, jizuie kuipa maana. Wengi hupenda namba kama "KAR-ST2-GEN-04", yaani tawi la Kariakoo, stoo ya pili, jenereta ya nne. Jenereta ikihamia tawi la Mwanza, namba inakuwa ya uongo. Namba iwe mfululizo mtupu, na maana yote ikae kwenye daftari. Kama vifaa vyako vinaingia kwenye mifumo ya kampuni nyingine, waulize watu wa GS1 katika nchi yako kuhusu namba zao za mali, zinazoitwa GIAI, ambazo hazigongani na za mtu mwingine popote. Kama vinabaki mikononi mwako, mfululizo wako mwenyewe unatosha.

Kazi hii inachosha, na najua wengi wataona ni ya kumpa kijana wa mafunzo kazini. Usifanye hivyo. Mtunza stoo mwenyewe awepo, kwa sababu ndiye anayejua kwamba kompakta iliyoandikwa "nzima" haijawaka tangu masika iliyopita.

## Kuchagua masafa, na onyo moja kubwa

Kuna familia tatu, na kuzichanganya ni kupoteza pesa.

Masafa ya chini, kilohezi 125 hadi 134, husomwa kwa karibu sana. Ndiyo ya hereni za kielektroniki za ng'ombe na kadi nyingi za zamani za kufungulia milango. Kwa mali za biashara, yaache.

Masafa ya megahezi 13.56 ndiyo yenye NFC: kadi za vyumba vya hoteli, kadi za benki za kugusisha, na simu nyingi za kisasa. Husomwa kwa sentimita chache. Yanafaa ukitaka fundi aguse mtungi wa kuzimia moto kwa simu yake na kuandika kwamba ameukagua.

Masafa ya juu, kati ya megahezi 860 na 960, ndiyo UHF. Haya husomwa kwa mita kadhaa, na kisomaji kizuri husoma mamia ya tagi kwa sekunde. Kwa stoo yenye vitu vinavyotembea, hapa ndipo utakapoangukia. Dai kiwango cha EPC Gen2, kinachoitwa pia ISO/IEC 18000-63, au 18000-6C kwa jina la zamani, ili tagi za muuzaji mmoja zisomwe na mashine ya mwingine.

Hapa pana kosa ninaloliona mara nyingi: mtu ananunua tagi za UHF akidhani simu yake itazisoma kwa sababu "ina NFC". Haitazisoma. Hayo ni masafa tofauti, na UHF huhitaji kisomaji chake.

Onyo lenyewe sasa. Visomaji vinavyotengenezwa kwa soko la Marekani hufanya kazi megahezi 902 hadi 928. Huko ni halali. Lakini Afrika iko kanda moja na Ulaya katika mgawanyo wa masafa wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na kwetu megahezi 880 hadi 915 ni njia ambayo simu za mkononi hutumia kuongea na minara. Kisomaji cha Kimarekani kikiwashwa stoo kwako kinapiga kelele ndani ya mtandao wa simu. Ulaya wao hutumia zaidi megahezi 865.6 hadi 867.6. Hivyo kabla ya kuagiza, hata kama kitu kiko nusu bei mtandaoni:

1. Uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako (TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda) ni masafa gani na nguvu gani inaruhusiwa kwa visomaji vya tagi za redio (RFID).
2. Mwombe muuzaji hati ya uthibitisho wa aina ya kifaa hicho hicho, namba ya modeli ikiwa imeandikwa. Hati ya kifaa kinachofanana nacho haikusaidii.
3. Hakikisha kifaa kimepangwa kwa kanda yetu tangu kiwandani. Baadhi ya mashine za Kimarekani zimefungwa, na fundi hawezi kuzibadilisha.

## Tagi ifuate kitu itakapokaa

Ukikumbuka sehemu moja tu ya makala haya, kumbuka hii. Tagi ya stika ya kawaida ukiibandika kwenye chuma inakufa ganzi, kwa sababu chuma kinavuruga antena yake. Maji nayo yanameza mawimbi, na mwili wa binadamu ni maji zaidi ya nusu. Mtu akikumbatia kifaa kifuani, tagi iliyo katikati yake na kifaa inaweza isisomwe kabisa.

Kwa hiyo:

- Jenereta, kompakta, mashine ya kuchomelea, mabomba ya jukwaa: tagi za chuma, yaani zilizotengenezwa kukaa juu ya chuma. Ni nene kidogo na ni ghali mara nyingi kuliko stika. Lipa. Hakuna njia ya mkato.
- Kompyuta mpakato: tagi ndogo ya chuma kama ganda lake ni la alumini. Umbali wa kusomwa utakuwa mfupi, pengine mita moja au mbili, nawe upange lango lako kwa kuzingatia hilo.
- Mahema, mapazia na vitambaa vya meza: tagi za kufulia, zinazoshonwa ndani ya pindo. Zimetengenezwa kuvumilia maji, sabuni na pasi.
- Meza, kabati na makreti ya mbao au plastiki: stika ya kawaida, chini au ubavuni.
- Spika: stika kwenye mbao au plastiki, mbali na sumaku na wavu wa chuma wa mbele.

Kubandika nako kuna namna yake. Futa vumbi na mafuta, pangusa kwa spiriti, acha pakauke, bandika na ukandamize. Usibandike karibu na ekzosi, wala mahali ambapo mikono hushika au mnyororo hufungwa. Stoo nyingi zetu ni za mabati, na mchana joto lake hulainisha gundi za bei rahisi; vifaa vya ujenzi vifungwe tagi kwa riveti au gundi ya epoksi. Walio Tanga, Mombasa, Unguja na mwambao wote wachague riveti za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi itakula za kawaida na tagi itabaki kwenye tope la eneo la ujenzi.

Kisha jambo ambalo wauzaji hulipuuza na mimi nalishikilia: juu ya kila tagi kiandikwe kile kilichomo ndani, kisomeke kwa macho. Namba ya mali kwa tarakimu kubwa, na bakodi chini yake. Siku kisomaji kitakapokuwa kwa fundi, au umeme umekatika na lori linasubiri, mtunza stoo ataisoma namba kwa macho yake na kazi itaendelea.

## Jaribu kabla ya kulipa

Muuzaji atakuonyesha kwenye meza yake jinsi kisomaji kinavyosoma tagi hamsini kwa kufumba na kufumbua. Meza yake ni ya mbao na tagi zake ziko kwenye karatasi. Mwambie aje stoo kwako.

Nunua au azima kisomaji kimoja cha mkononi na tagi chache za aina tatu au nne. Kisha:

1. Chagua vifaa kumi vyako vigumu zaidi: jenereta ya chuma kitupu, hema lililolowa, spika iliyo ndani ya kasha lake.
2. Funga tagi kwa muda, kila aina kwa zamu.
3. Soma kutoka mbele, nyuma, pembeni na juu. Andika umbali kila upande, hasa upande mbaya.
4. Rundika vifaa kama vinavyorundikwa kwenye lori na usome tena.
5. Mpe mtu abebe kimoja mkononi apite mlangoni kwa mwendo wake wa kawaida, mara kumi. Zikisomeka nane, tagi hiyo au mahali ilipobandikwa hapafai. Hama sentimita chache ujaribu upya.

Muuzaji akikataa jaribio hili, tafuta mwingine.

## Kisomaji cha mkononi au lango?

Karibu kila mtu anataka lango: antena mbili mlangoni, lori linapita, skrini inajaza orodha yenyewe. Naelewa, linapendeza. Lakini ushauri wangu ni kuanza na kisomaji cha mkononi na kukitumia kwa miezi mitatu. Kwa muda huo utajua ni tagi zipi zinaanguka, ni vifaa gani vinasumbua, na watu wako wamezoea kitu gani. Wapo ambao baada ya hapo hawakuona haja ya lango.

Ukiamua kuliweka, jiandae na tatizo ambalo hutoliona kwenye vipeperushi. Mara nyingi lango husoma kupita kiasi. Mawimbi hugonga mabati, hurudi, na ghafla mfumo unasema kompakta iliyolala rafu ya tatu "imetoka" saa tisa usiku. Mara mbili tatu hivyo, mlinzi anaacha kuamini kengele, na kengele isiyoaminika ni sawa na kutokuwa nayo. Tiba zake:

- Punguza nguvu ya kisomaji mpaka eneo la kusoma liwe mlango tu. Wengi huongeza nguvu pale wanapopaswa kuipunguza.
- Ondoa rafu karibu na mlango. Mita tatu au nne tupu ni bora kuliko programu yoyote.
- Geuza antena zitazamane kwa ndani na chini. Zisielekee stoo.
- Tumia antena za mzunguko, zinazosoma tagi hata ikiwa imelala upande, kwa sababu hakuna mpakiaji atakayepanga mizigo kwa kufuata antena yako.
- Weka vihisi viwili vya mwanga mlangoni, kimoja ndani na kimoja nje, ili kisomaji kiwake kitu kinapopita tu, na ili mfumo ujue kinatoka au kinaingia.

Waya wa antena nao una siri yake. Waya mwembamba wa RG-58 wa mita sita hupoteza nusu ya nguvu au zaidi kabla haijafika kwenye antena. Mnene, kama LMR-400, kwa urefu huo huo hupoteza chini ya moja ya tano. Bora kisomaji kikae karibu na antena na waya wa mtandao ndio uwe mrefu. Na kila kitu kipite kwenye UPS. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo umeua mashine nyingi kuliko wezi.

## Programu: uliza maswali haya kwa sauti

Kisomaji hakijui kwamba tagi ile ile kimeisoma mara mia mbili. Programu ndiyo inayochuja na kusema "hema namba 317 limetoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwa oda ya mteja fulani". Kabla ya kusaini, muulize muuzaji:

- Intaneti ikikatika, kisomaji cha mkononi kinaendelea kuandika na kupeleka baadaye?
- Naweza kutoa data yangu yote kwenye faili la Excel siku yoyote, bila kukuomba?
- Nikiacha kulipa ada ya mwaka, nabaki na nini?
- Nani anaandika namba kwenye tagi, mimi au wewe? Nikinunua tagi kwa mtu mwingine zitakubali?
- Inatoa orodha ya kasoro peke yake? Hiyo ndiyo ripoti utakayoisoma kila siku: kilichotoka bila oda, kilichopitisha siku ya kurudi.

Kuhusu kuandika namba, angalia mambo mawili. Tagi za bei nafuu zinaweza kuja na namba za kiwandani zinazofanana na za mzigo mwingine, kwa hiyo andika zako, na uweke pia kwenye daftari ile namba ya pili ya chipu, inayoitwa TID, ambayo haibadiliki. La pili: nafasi ya kawaida ya namba ni biti 96, yaani alama 24 za tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Programu moja ikiandika namba yako kama tarakimu na nyingine kama herufi za maandishi, kitu kimoja kitaonekana viwili. Kubalianeni njia moja na muiandike kwenye mkataba.

Tagi pia inaweza kuandikwa upya na mtu mwenye kisomaji cha kawaida. Funga sehemu ya namba kwa nywila, na nywila hiyo isiwe sifuri zote kama ilivyotoka kiwandani.

## Watu ndio lango lenyewe

Mtunza stoo akidhani mashine imeletwa kumwinda, atatafuta namna ya kuishinda, na ataipata. Yeye yuko stoo siku nzima, wewe hupo. Mwite mapema. Mweleze kwamba kumbukumbu hizi zinamlinda na yeye pia: kitu kikipotea eneo la kazi, kuna rekodi kwamba kilitoka mikononi mwake kikiwa kizima na nani alikipokea.

Utaratibu uandikwe ubavuni mwa mlango, kwa Kiswahili, kwa maneno machache:

1. Hakuna kitu kinachotoka bila oda iliyoko kwenye mfumo au kibali kilichosainiwa.
2. Kengele ikilia, lori linasimama. Nani anaitwa, na namba yake ya simu.
3. Kinachorudi kinasomwa kabla ya kushushwa stoo, hata kama ni saa nane usiku.
4. Tagi iliyong'oka inawekwa kwenye kopo moja linalojulikana, pamoja na karatasi ya kifaa ilikotoka.

Sheria ya tatu ndiyo inayovunjwa zaidi. Watu wamechoka, wanasema "tutasoma asubuhi", na asubuhi vifaa vimeshachanganyika na vya juzi. Kama huwezi kuweka mtu wa usiku, tenga kona iliyozungushiwa wavu ambamo vya usiku vinalala peke yao mpaka visomwe.

Ukiunganisha kadi za wafanyakazi na mfumo ili ujue nani kachukua nini, umeanza kukusanya taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Waambie wafanyakazi unakusanya nini na kwa nini, kusanya kinachohusu vifaa tu, na usizigeuze kumbukumbu hizo kuwa njia ya kumfuatilia mtu alikwenda msalani mara ngapi.

## Hofu mnazoniletea

"Mwizi ataing'oa." Ataweza. Kwa vitu vya thamani tumia tagi zinazochanika zikibanduliwa, na gonga namba ya mali kwenye chuma chenyewe. Tagi ni ya kudhibiti upotevu wa kila siku: kilichosahaulika kwa mteja, kilichopelekwa tawi jingine, kilichoazimwa kirafiki. Kwa stoo nyingi upotevu huo ndio mkubwa.

"Mionzi yake itatudhuru?" Nguvu yake ni ndogo na inadhibitiwa kisheria, lakini fuata umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa, na kiti cha mlinzi kisiwekwe kimeegemea antena.

"Tagi zitadumu?" Chipu isiyo na betri hudumu miaka mingi. Gundi hufa mapema. Weka akiba ya tagi za kila aina kwa ajili ya kubadilisha, na uiingize gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo pamoja na betri za kisomaji cha mkononi na siku za kazi za kubandika.

"Nibandike zote kwa mara moja?" Anza na kundi moja lenye thamani, tuseme spika na taa. Liendeshe mwezi mzima, rekebisha, kisha uende kwenye jenereta. Mahema yafuate msimu wa harusi ukitulia, yakiwa yote stoo.

## Baada ya miezi mitatu

Acha kuhesabu mara moja kwa mwaka. Kila Jumatatu mtunza stoo apite sehemu moja na kisomaji cha mkononi, dakika ishirini, na mwezi ukiisha stoo yote imepitiwa. Kila mwezi pia toa orodha ya vitu ambavyo havijaonekana na kisomaji chochote kwa siku tisini. Vitafute kwa miguu. Vingine tagi zimekufa, vingine viko nyuma ya rafu, na vingine havipo. Vyote vitatu ni habari unayoihitaji.

Kitu kikiuzwa au kikitupwa, tagi yake itoke siku hiyo hiyo. Ing'oe na uikate katikati, au iue kwa amri ya kisomaji. Kwenye daftari usifute mstari wake. Andika tarehe na sababu, na namba hiyo usiipe kifaa kingine kamwe. Tagi zinazouzwa pamoja na jenereta kuukuu huishia kwenye stoo ya mtu mwingine, na jenereta hiyo ikirudi siku moja kwako kwa ukarabati, lango lako litaipokea kama mali yako.